Kushuka Mto Nile kwa boti ya mpira

Wasikilizaji wengi wa kipindi hiki ni watu wa Mwanza, Musoma na Bukoba, na kwa watu hao maji makubwa si mahali pa mchezo. Tulizika watu kwa mamia mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, tukazika tena mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia Ukara. Kwa hiyo nilipowaeleza jamaa kwamba mimi na marafiki watatu tumekwenda Jinja, Uganda, tukalipa fedha zetu wenyewe ili tushuke maporomoko ya Mto Nile kwa boti ya mpira, swali lilikuwa moja tu: nyinyi mna akili timamu? Ni swali la haki. Leo nitalijibu kwa kueleza mchezo wenyewe unavyokwenda.

Kwanza, maji ya Jinja ni maji yetu. Mito inayoingia Ziwa Victoria ni mingi, lakini mlango wa kutokea ni mmoja, nao uko Jinja. Hapo mto haukauki, maji ni ya vuguvugu, mengi na yenye kina. Kina hicho ndicho kinachouwezesha mchezo. Anayetupwa nje ya boti mara nyingi huangukia maji, si mwamba, na baada ya maporomoko hufuata sehemu tulivu ambapo watu huokotwa.

Maporomoko hutokea pale mto unaposhuka ghafla au unapobanwa na miamba. Maji yakipita juu ya mwamba huanguka nyuma yake, na sehemu ya maji hayo, badala ya kuendelea na safari, hujipinda na kurudi yalikotoka. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu chochote kinachoelea, kiwe boti au mtu, kinaweza kushikwa na kuzungushwa kama nguo inayofuliwa. Povu jeupe nalo lina hila yake. Povu ni maji yaliyochanganyika na hewa, na hewa haimbebi mtu. Hata mwogeleaji hodari huzama zaidi kwenye povu kuliko kwenye maji matupu. Wenye mchezo wao huyapanga maporomoko kwa madaraja, kuanzia la 1 hadi la 6. La 1 ni viwimbi tu vya kuchezea watoto. La 6 kwa kawaida haliguswi, na ndiyo maana tulipofika Itanda kiongozi wetu alituteremsha tukatembea kando ya mto huku boti ikibebwa mabegani.

Boti yenyewe ina vyumba kadhaa vya hewa, kimoja kikitoboka vingine vinaendelea kuelea. Sakafu ina matundu, maji yakiingia hutoka yenyewe. Abiria hukaa ukingoni, kila mmoja na kafi lake, na kiongozi hukaa nyuma akitoa amri. Kazi ngumu kuliko zote ni kupiga kafi wakati mwili mzima unataka kushika kamba na kufumba macho. Lakini boti inayochukuliwa tu na maji haiongozeki. Lazima iwe na mwendo wake yenyewe. Na mkono mmoja usiachie kichwa cha kafi kamwe, kwani hicho ndicho kinachong'oa meno ya jirani!

Kabla ya kuondoka tulipinduliwa makusudi kwenye maji yaliyotulia ili tujifunze. Ukianguka, lala chali, miguu itangulie mto unakokwenda. Usijaribu kusimama, maana mguu ukinaswa kati ya mawe maji yatakulaza kifudifudi na hutainuka. Ngoja kamba, au ngoja mmoja wa vijana wanaofuata kwa kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mtu mmoja.

Mmoja wetu ni mwalimu, mzaliwa wa Ukerewe, na hajui kuogelea. Kiongozi alimkaza mikanda ya jaketi la kuokolea maisha, kisha akalishika mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. "Mzee, likipanda mpaka masikioni halikusaidii," alimwambia, akaikaza tena. Katika maporomoko ya tatu mwalimu aliruka kama dagaa. Nilihesabu mpaka sita ndipo alipoibuka, amelala chali kama alivyofundishwa, na kijana wa kayaki akamfikia. Aliporudi botini, baada ya kutema maji, alisema hivi: "Miaka thelathini navuka ziwa kwenda kwetu. Hakuna hata siku moja mtu aliyenikagua mkanda wa jaketi." Aliyasema kwa sauti ya kawaida tu, lakini hakuna aliyecheka.

Mto huu lakini unapungua, si kwa maji bali kwa maporomoko. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyafunika maporomoko ya Ripon ambayo Speke aliyafikia mwaka 1862. Mwaka 2012 likaja bwawa la Bujagali, megawati 250, likayameza maporomoko ambayo kwa Wasoga ni makao ya mzimu. Mwaka 2019 likafuata Isimba, megawati 183. Mchezo sasa umebaki katika kipande kati ya mabwawa hayo mawili.

Tukikausha nguo, rafiki mmoja alianza kulaani mabwawa. Mwenzetu wa Bukoba akamkatiza: "Ndugu yangu, mimi nimesoma kwa kibatari mpaka darasa la saba. Taa iliyokuja baadaye ilitoka mto huu huu." Ni kweli, kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera uliwashiwa taa kwa umeme ulionunuliwa Uganda. Waliendelea kubishana mpaka Masaka.

Mimi siwezi kumwambia mtu wa kibatari kwamba starehe yangu ina uzito kuliko taa yake. Lakini mwaka 2007, ili Bujagali ijengwe, Serikali ya Uganda iliiahidi Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala, yanayopakana na Itanda, yatahifadhiwa na hayatajengewa bwawa la umeme. Ahadi hiyo ilikuwa sehemu ya bei ya Bujagali, na bei hulipwa. Yule kijana wa kayaki aliyemwokota mwalimu amezaliwa kijiji cha kando ya mto, na kazi yake yote iko katika kipande hicho.