Jina la Kiswahili la Ugonjwa wa Kukondesha Ayala

Kusudi la makala hii ni kutafuta jina lifaalo la ugonjwa ulioonekana kwanza Colorado, Marekani, mwaka 1967, katika wanyama wa porini waliofugwa zizini. Mwaka 1978 Elizabeth Williams alitambua kwamba ubongo wao ulitobokatoboka mithili ya sifongo. Chanzo chake ni prioni, yaani protini iliyopotoka umbo, nayo huzipotosha nyingine. Mnyama hukaa muda mrefu bila dalili, kisha hukonda, huzubaa, hudondokwa mate na kufa, dawa haipo. Mwaka 2016 uligunduliwa Norwei.

Wanyama hao si wa asili ya nchi zetu. Pembe zao huanguka na kuota upya kila mwaka, ilhali za swala, kulungu na paa hazianguki. Hata hivyo wafasiri huwaita kwa majina hayo matatu. Katika ngano kosa hili ni dogo. Katika habari za maradhi ni kubwa.

Karatu na Ngorongoro, Mwiraki, Mmasai, Mdatoga na Mhadzabe wana lugha zisizosikilizana. Kiswahili ndicho kiwakutanishacho mnadani. Mfugaji aambiwaye "ugonjwa wa swala" atawashuku swala awaonao machungani, wasio na hatia.

Kwani jina la mnyama humwongoza mchungaji. Wamasai wa Ngorongoro wajua kwamba nyumbu wazaapo, yapata Januari hadi Machi, ng'ombe walishao karibu nao hupatwa na homa iuayo. Hivyo huwahamishia nyanda za juu. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, waliokuwa Muguga, Kenya, walitangaza kwamba virusi vya homa hiyo vimepatikana katika nyumbu. Wafugaji walidhani hutoka katika kondo. Utaalamu umeonyesha kwamba hutoka katika makamasi na machozi ya ndama. Lakini mnyama hawakumkosea, na kwa hiyo kinga yao ilifaa.

Twapendekeza basi neno "ayala", litumikalo katika Biblia ya Kiswahili, lenye asili ya Kisemiti, na lisilomtaja mnyama yeyote wa mbuga zetu. Ugonjwa uitwe "ukondefu sugu wa ayala". Huenda ikasemwa kwamba neno hili ni geni kwa wengi. Ni kweli, lakini neno geni humfanya msikiaji aulize, na neno lililozoeleka likikosewa humfanya aamini.