Bukavu: Biskwi za Noeli zinapikwa mapema, lakini unyevu unazivizia ndani ya bwate

Wiki mbili mbele ya Noeli, katika nyumba nyingi za Bukavu mbabula hazizimwi mapema usiku. Akina mama wanapika biskwi za sikukuu kabla ya wakati, kwa sababu siku yenyewe nafasi haipatikani: asubuhi ni misa ao ibada, mchana ni wali na nyama, na jioni watoto wa jirani wanapita mlango kwa mlango na nguo zao mpya. Kila mmoja anangojea kitu mkononi.

Kuna pia sababu ya mfuko. Bei ya unga wa ngano, sukari, margarini na makala hupanda sikukuu ikikaribia, kwa hiyo mama wa nyumba ananunua kidogo kidogo, kilo moja leo, nyingine wiki ijayo. Benki zilipofungwa mjini mwanzoni mwa mwaka 2025, feza taslimu zilikuwa ngumu zaidi kupatikana. Kilo tatu za unga zikiharibika, za kuzirudishia hazipo.

Na kuharibika ni jambo la karibu. Bukavu mvua inaanza mwezi wa 9 na kuendelea hadi mwezi wa 5, hivyo mwezi wa 12 hewa imejaa maji. Biskwi ni kavu na ina sukari, na sukari inavuta maji. Iliyoachwa wazi kwenye sahani jioni, asubuhi inaweza kukutwa imelegea kama mkate wa jana.

Hata hivyo, mvua si adui wa kwanza. Biskwi nyingi zinaharibiwa na haraka ya mpishi mwenyewe, anayezifungia zingali moto. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unageuka matone na kurudi juu ya biskwi. Baada ya siku chache ukungu mweupe ao wa kijani unatokea. Zinapaswa kutandazwa juu ya kitambaa safi, bila kurundikwa, angalau saa moja, mpaka ya katikati nayo ipoe kabisa.

Aina ya biskwi inahesabiwa pia. Inayodumu ni ile isiyo na maziwa wala yai: gramu 300 za unga, 200 za margarini na 100 za sukari. Kipimo hicho cha tatu, mbili, moja ni chepesi kukumbuka hata kwa asiyekuwa na mizani, mradi apate wa kumpimia sokoni. Zenye ndizi ao krimu ni tamu, lakini ziliwe ndani ya siku mbili ama tatu. Kuzipikia Bonane tangu sasa ni kutupa feza.

Asiye na furu anatumia sufuria kubwa. Mchanga mkavu unawekwa chini, unapashwa moto, kisha sahani ya bati yenye biskwi inawekwa ndani. Makala machache yanabaki chini, mengi yanapangwa juu ya kifuniko, la sivyo biskwi inaungua chini na juu inabaki nyeupe. Zikatwe nyembamba na za kipimo kimoja. Pembeni zikianza kuwa njano, zitolewe, hata kama katikati bado ni laini, kwani zinakazana zikipoa. Kwa wenye furu ya umeme, kura ikikatika katikati ya kazi, mlango usifunguliwe ovyo: joto lililobaki linaweza kumaliza sehemu ya kazi.

Kwa kuhifadhi, bwate ya chuma ya maziwa ya unga, iliyooshwa na kukaushwa vizuri juani, inashinda mfuko wa plastiki. Karatasi safi inatandikwa kati ya safu na safu. Ndoo iliyobeba rangi haifai hata ikioshwa mara kumi. Biskwi laini zisichanganywe na ngumu, na zenye tangawizi zikae peke yake, kwa sababu harufu inahama. Mahali penye chungu, bwate inawekwa katikati ya beseni yenye maji kidogo. Zikihifadhiwa hivyo, biskwi kavu zinaweza kumaliza wiki mbili bila shida.

Wengine wanapenda kuhifadhi unga uliokandwa ndani ya frigo na kupika siku ya mwisho. Hiyo ni kazi ya nyumba isiyokosa umeme, na katika Bukavu nyumba hizo zinahesabika. Kama unga una yai, frigo iliyozimika usiku kucha ni hatari kwa tumbo.

Biskwi zilizolegea tu hazijapotea: dakika tano juu ya moto mdogo, kisha zipoe tena. Zenye ukungu ni za kutupa, pamoja na zile zilizogusana nazo, hata kama moyo unauma.

Unabaki mwizi ambaye kifuniko hakimzuii, yaani watoto wa nyumbani. Dawa yake ni bwate mbili: moja ya kuonjwa, inayoachwa mahali wanapoijua, na nyingine juu ya kabati la chumba cha wazazi, imezungushiwa skochi mpaka tarehe 24.