Barua ya madai: wazee wetu waliandikaje, na sisi leo tuandikeje?



Mara nyingi tunasikia neno hili: "Tuliandika, hatukujibiwa." Neno hilo ni la zamani. Wazee wetu walilisema wakati wa ukoloni, na tukijua barua zao zilikwama wapi, tutajua namna ya kuandika zetu.

Haki iliyoandikwa nusu

Mwaka 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II. Sheria ya tarehe 18 Oktoba mwaka huo, iliyoitwa Hati ya Koloni, iliwapa wakaaji wote wa Kongo baadhi ya haki za Katiba ya Ubelgiji ya 1831. Mojawapo ilikuwa haki ya kifungu cha 21: kila mtu aweza kupeleka kwa wenye mamlaka barua ya madai yenye sahihi ya mtu mmoja au ya wengi.

Lakini uhuru wa magazeti, wa kukutana na wa kuunda vyama haukutiwa ndani. Mzee wa Kabambare aliruhusiwa kuandika madai, ila hakuwa na haki ya kuwakusanya wenzake wayazungumze kwanza.

Barua ilipita wapi?

Kongo haikuwa na bunge lake. Bunge lililokuwa na mamlaka juu yake lilikuwa la Ubelgiji, mjini Brussels. Katiba ya huko ilikataza mtu kuleta madai mwenyewe ndani ya Bunge. Ilipasa yaletwe kwa maandishi. Kila Baraza la Bunge liliweza kuituma barua kwa waziri, naye alilazimika kueleza ikiwa tu Baraza lilimdai maelezo. Hivyo barua ya kulalamikia serikali ya koloni iliweza kuishia kwa Waziri wa Makoloni, mkubwa wa wale waliolalamikiwa. Nao wabunge walichaguliwa na Wabelgiji, si na Wakongo. Mbunge asiyehitaji kura yako hana haraka na barua yako.

Hapa kwetu mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkubwa wa kwanza ambaye mwananchi alimwona ni Msimamizi wa Teritwari. Huyo ndiye aliyesimamia kodi na kilimo cha lazima. Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba, tangu miaka ya 1917. Tena amri ya tarehe 5 Julai 1910 iliwaruhusu wakubwa kumhamisha kwa nguvu mtu waliyesema anavuruga utulivu, na kumweka mbali na kwao. Nani angetia sahihi bila woga?

Ilikuwapo pia Tume ya kuwalinda wenyeji. Sheria ilitaka ikutane walau mara moja kila mwaka. Miaka mingi ilipita bila kukutana.

Mifano miwili

Mwezi wa Machi 1944, huko Luluabourg (leo Kananga), Wakongo waliosoma waliandika waraka kwa serikali. Waliomba hali bora kwa ajili yao, tofauti na watu wengine. Mwaka 1948 serikali ilitoa kadi ya sifa ya uraia, nayo wakaipata watu wachache tu. Waraka uliomba kwa ajili ya wachache, na jibu likawafikia wachache.

Ng'ambo ya ziwa, Tanganyika, hali ilikuwa nyingine. Nchi hiyo iliwekwa chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, hivyo watu wake waliweza kupeleka madai huko. Kongo, kwa kuwa ilikuwa koloni, haikuwa na mlango huo. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili mashamba wapewe Wazungu. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York kusema kwa niaba yao. Pendekezo la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini dunia ilisikia, na watu walijifunza kusimama pamoja.

Leo sheria inasema nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongo haki ya kupeleka madai, peke yake au pamoja na wengine. Mwenye mamlaka anapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Tena hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kuandika. Haya mawili, muda wa kujibu na ulinzi wa mwandikaji, wazee wetu hawakuwa nayo. Hata hivyo sheria haijitembezi yenyewe. Kwa hiyo tunawashauri:

1. Kutaneni kwanza, wakimbizi na wenyeji pamoja, wanawake na vijana wakiwemo. Barua ya upande mmoja huzaa ugomvi.
2. Andikeni jambo moja lililo wazi: shamba, shule, au njia salama ya kurudi.
3. Chagueni mwenye uwezo wa kulitenda: Msimamizi wa Teritwari, Gavana huko Kindu, au mbunge wenu. Mkimlalamikia mtu, barua isipitie kwake peke yake.
4. Bakini na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Miezi mitatu inahesabiwa kutoka hapo.
5. Orodha ya majina isitembezwe ovyo. Sheria inawalinda mbele ya mahakama. Njiani, penye watu wenye silaha, linawalinda busara.

Miezi mitatu ikipita kimya, andikeni tena, mkitaja tarehe ya barua ya kwanza na kifungu cha 27. Kunyamaza kwa mkubwa kusitufanye tushike panga, wala kusitufanye tuweke kalamu chini.