Kuaminiana Bila Kugusana: Somo la Filamu Moja ya Kijapani

Maneno imani, uaminifu na amana ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametufikia kutoka shina moja la Kiarabu. Kati ya hayo, amana ndilo tunalolisahau upesi. Amana ni kitu cha mwenzako kilichomo mikononi mwako, ambacho ungeweza kukiharibu lakini unakitunza. Ukitaka kuliona neno hili likitembea kwa miguu miwili, tazama filamu ya katuni ya Kijapani iitwayo Hotarubi no Mori e, yaani kuelekea msitu wa mwanga wa vimulimuli. Iliongozwa na Takahiro Omori, ikatoka mwaka 2011, na imetokana na hadithi ya picha ya Yuki Midorikawa. Haifiki hata saa moja. Anayependa filamu za kufukuzana kwa magari atasinzia mapema.

Hotaru, mtoto wa kike wa miaka sita, yuko kijijini kwa likizo ya kiangazi. Anapotea katika msitu unaosemekana kuwa wa mungu wa mlima na mizimu yake. Akiwa analia, anatokea kijana aliyevaa kinyago cha mbweha, jina lake Gin. Kwa furaha ya kumwona mtu, Hotaru anamkimbilia. Gin anakwepa. Mtoto anarudia tena, na safari hii anapigwa kijiti kichwani. Sababu ni moja: Gin akiguswa na mwanadamu, atatoweka. Basi wanashika kijiti, kila mmoja upande wake, na Gin anamwongoza mpaka nje ya msitu.

(Najua wapo watakaoshtuka kusikia mizimu katika gazeti la seminari. Hiyo ni mila ya Wajapani, ambao kwao mlima na msitu vina wenyewe. Hatulazimiki kuisadiki ili tuielewe hadithi.)

Tuangalie alichofanya Gin siku ile. Amemwambia mtoto asiyemjua namna ya kumwangamiza. Hana njia nyingine ya kujilinda ila kumpa Hotaru siri yenyewe. Mara nyingi tunafikiri kuaminiana huanza baada ya kuchunguzana na kujihakikishia kwamba mwenzetu hana madhara. Hapa mambo ni kinyume: kwanza siri inatolewa, kisha miaka inakuja kuonyesha kama aliyepewa anastahili.

Na miaka inakuja. Kila kiangazi Hotaru anarudi. Yeye anakua, Gin habadiliki sana, na taratibu mtoto yule anakuwa msichana anayempenda. Siku moja Hotaru anaanguka kutoka mtini. Gin ananyoosha mikono amdake, kisha anajizuia, naye anaangukia vichakani. Hakasiriki. Anafurahi kwamba hakuguswa, halafu anamwomba Gin kwamba, liwalo na liwe, asimguse kamwe. Anayasema hayo huku machozi yanamtoka.

Kwangu mimi, moyo wa filamu uko hapo. Mwanzoni sharti lilikuwa la Gin, na lililindwa kwa kijiti. Sasa Hotaru amelichukua likawa lake, na analilinda kuliko mwenyewe, ingawa linamuumiza. Mwanafalsafa Mfaransa Gabriel Marcel, aliyebatizwa Mkatoliki mwaka 1929, alitofautisha kuwa na kumiliki. Kitu ninaweza kukimiliki. Mtu siwezi, bila kumgeuza kitu. Kwake, uaminifu ni zaidi ya kung'ang'ania neno nililolisema jana. Ni kujitoa upya, leo, kwa mtu aliye hai mbele yangu. Hotaru hajasoma Marcel, lakini machozi yake chini ya ule mti yanasema jambo hilohilo.

Sisi wa mwaka wa falsafa bado hatujatoa ahadi ya useja. Hiyo hutolewa kwenye ushemasi. Tunaishi kwa ratiba na kanuni, na swali linalotukabili ni kama siku moja tutazilinda wenyewe hata pale ambapo hakuna gombera anayepita. Vijana wa parokiani walio katika uchumba wana swali lao la namna hiyohiyo: mwenzangu akiniwekea mpaka, je, mimi ni mlinzi wa mpaka huo au ninasubiri tu achoke? Hata hivyo nisieleweke kwamba filamu hii ni mahubiri ya kuukimbia mwili. Hotaru anatamani sana kuushika mkono wa Gin, na filamu haimwonei aibu.

Anayetaka kuitazama kwanza na aishie hapa, maana nautaja mwisho.

Kumbe Gin alizaliwa binadamu. Alitupwa msituni akiwa mtoto mchanga, na mungu wa mlima akamhifadhi. Mikono ya kwanza ya kibinadamu aliyoijua ilimweka chini ikaondoka. Usiku wa sherehe ya mizimu anatembea na Hotaru, wameunganishwa kwa kitambaa mikononi. Anavua kinyago, anamvisha Hotaru, kisha anakibusu kinyago. Muda si mrefu, mtoto mdogo anayekimbia anajikwaa, na Gin anamdaka mkono asianguke. Mtoto yule alikuwa mwanadamu.

Wengine watasema ni ajali tu. Mimi naona kwamba zamani Gin angerudi nyuma kwanza. Baada ya viangazi vyote vile, mkono wake unanyooka kabla hajauliza huyu ni nani. Vidole vinapoanza kugeuka mwanga, anamwita Hotaru aje, na kwa mara ya kwanza wanakumbatiana. Kinachobaki ni nguo na kinyago. Mizimu haimlaumu Hotaru. Inamshukuru, kwa sababu hatimaye Gin amekumbatiwa na mwanadamu.

Hotaru anaokota kinyago. Anakiri kwamba kwa muda hataweza kukingoja kiangazi kama zamani. Lakini filamu ilipofunguka tulikwisha kumwona, msichana aliyekua, yuko njiani kurudi kijijini kulekule.