Kufundisha Upitaji wa Hewa kwa Kutumia Choo cha Shimo chenye Bomba

Wanachuo wengi huliona somo la usafi wa choo kuwa jepesi. Mwalimu huandika kanuni ubaoni, wanafunzi huzikariri, na kipindi huisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni isiyofuatana na sababu yake huweza kuharibu kile kile inachokusudia kukilinda.

Katika mazoezi ya kufundisha nilimsikiliza mwanachuo mmoja akiwaeleza watoto wa darasa la tano kwamba tundu la choo sharti lifunikwe kila baada ya kutumika. Kanuni hiyo ni sahihi kwa choo cha shimo cha kawaida. Lakini vyoo vya shule ile vilikuwa na mabomba ya kutolea hewa. Watoto, kwa utii wao, wakatengeneza vifuniko vya mbao na kuyafunika matundu yote. Haukupita muda harufu ikazidi vyumbani, na watoto wadogo wakaanza kwenda vichakani. Mwanachuo yule hakuwa mvivu. Hakujua tu choo kile kinavyofanya kazi. Nami niliyelipitisha andalio lake la somo sikuwa nimemwuliza.

Choo cha aina hii kilibuniwa katika miaka ya 1970 na watafiti wa maabara ya Blair, mjini Salisbury, ambao sasa ni Harare, Zimbabwe. Upepo unapopita juu ya mdomo wa bomba, huivuta hewa iliyomo bombani kwenda juu. Hewa ya shimoni hupanda kushika nafasi hiyo, na hewa safi ya chumbani huteremka shimoni kupitia tunduni. Kwa hiyo tundu ndilo mlango wa hewa. Ukilifunika, umeziba njia. Jua likilipasha bomba joto husaidia, lakini kazi kubwa ni ya upepo. Katika nyumba zenye umeme, feni iliyofungwa ndani ya bomba juu ya dari ya bafu hufanya kazi hiyo hiyo. Nayo haifai kitu ikiwa hakuna upenyo wa kuingizia hewa nyingine.

Bomba huzuia nzi pia. Nzi wa nje huvutwa na harufu hadi juu ya bomba, wakazuiwa na wavu. Nzi waliozaliwa shimoni huufuata mwanga. Chumba kikiwa na kiza, mwanga wanaouona ni ule wa bombani. Hupanda, wakakwama chini ya wavu na kufa. Katika jaribio la Peter Morgan lililochukua siku 78, walinaswa nzi 13,953 kutoka choo kisicho na bomba, na 146 tu kutoka choo chenye bomba.

Somo hili lifundishwe kwa hatua tatu.

(a) Simamisha mrija mfupi katika bilauri ya maji, sehemu ndogo tu ikitokeza juu ya maji. Kwa mrija wa pili, puliza kwa nguvu ukikatisha juu ya mdomo wa ule wa kwanza. Watoto wataona maji yakipanda. Waulize: Ni nini kilichoyavuta?

(b) Weka nzi wachache katika chupa ya kioo, uifunge, kisha ufunike nusu yake kwa kitambaa cheusi. Watoto wahesabu nzi walioko upande wenye mwanga.

(c) Wapeleke chooni siku yenye upepo. Mwalimu mwenyewe ashike udi unaofuka moshi karibu na tundu, asiutumbukize shimoni. Moshi ukizama tunduni, choo kinavuta hewa. Funika tundu kidogo, kisha ulifunue, ili watoto waone tofauti.

Baada ya hapo watoto wenyewe wakague: Je, bomba limepita paa kwa nusu meta au zaidi? Wavu ni mzima? Chumba kina kiza? Tundu liko wazi? Wasiambiwe, hata hivyo, kwamba bomba huondoa kila mdudu. Mbu hawaufuati mwanga kama nzi, na shimo lenye maji huweza kuwazaa.

Mwanachuo yule alirudi darasani, akakiri kosa lake mbele ya watoto, nao wakaviondoa vifuniko. Baada ya jaribio la udi mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, basi nyumbani kwetu hakuna bomba, tufunike au tuache wazi?" Akajibiwa na mwenzake, kabla ya mwalimu, kwamba wafunike, maana pale hakuna njia nyingine ya kuwazuia nzi.

Jibu hilo halikuwamo ubaoni. Kila unapoandika "ni lazima" katika andalio lako, andika mbele yake "kwa sababu", na ukishindwa kuimaliza sentensi hiyo, hujawa tayari kulifundisha somo hilo.