Mbegu ya mahindi "isiyoliwa na viwavijeshi": ukweli ni upi?

"Bwana shamba, ile mbegu isiyoliwa na viwavijeshi inapatikana wapi?" Vijana wanaolima mahindi kibiashara wananiuliza hivi karibu kila wiki. Jibu fupi: hapa Tanzania haijaruhusiwa kuuzwa. Anayekuletea mfuko akidai ndiyo hiyo, muogope. Ila swali ni zuri, tulichambue.

Kiwavijeshi vamizi asili yake ni Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na 2017 tayari alikuwa kwetu. Huyu mdudu anapenda joto. Kwenye nyuzi 28 hivi anatoka yai mpaka nondo kwa mwezi mmoja. Penye ubaridi huchukua miezi miwili au zaidi. Yaani joto likizidi, kizazi cha pili kinayakuta mahindi yako bado mabichi.

Mbegu yenyewe inaitwa Bt. Wataalamu walichukua kinasaba cha bakteria wa udongoni wakakiweka kwenye mhindi. Mhindi huo unatengeneza protini ambayo kiwavi akiila inamtoboa utumbo, anaacha kula, anakufa. Afrika Kusini wanalima Bt tangu 1998.

Sasa hapa ndipo pa kuwa makini. Puerto Rico mbegu ya aina hii iliingia sokoni 2003, na kufikia 2006 viwavijeshi walishaizoea, ikaondolewa. Kwa nini? Kwenye kundi kubwa huwapo wachache ambao protini haiwaui. Ukipanda Bt shamba zima wanabaki hao tu, wanaoana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wanakuwa sugu. Ndiyo maana Afrika Kusini mkulima hutakiwa kupanda pembeni mahindi ya kawaida: asilimia 20 kama atayapulizia dawa, asilimia 5 kama hatayapulizia. Nondo wanaotoka huko si sugu. Wakipandana na wale sugu, makali yanapungua. Wakulima wengi walipuuza, na bungua wa mabua akawa sugu.

Brazil wameruhusu pia nondo dume waliobadilishwa vinasaba. Wakipandana na majike wa porini, watoto wa kike hufa kabla hawajawa nondo. Ni ujanja mzuri, lakini nao hauondoi kazi ya kukagua shamba.

Na usugu hausubiri GMO. Ukipulizia dawa ileile msimu mzima unawachuja viwavi kwa njia hiyohiyo, hata ukibadilisha jina la chupa. Soma kiambato, halafu badilisha kundi la dawa.

Mahindi yakiwa machanga, kagua mara mbili kwa wiki: vituo 5, mimea 20 kila kituo. Ikishambuliwa 20 kati ya 100, pulizia asubuhi na mapema au jioni, bomba likielekea kwenye moyo wa mhindi. Chini ya hapo hela iache mfukoni. Ila usichelewe kukagua: kiwavi mkubwa akishazama ndani na kujifunika kwa kinyesi chake, dawa haimfikii.