Gunia limekauka, mbona dagaa wamechacha?

GUNIA la dagaa huondoka Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, likiwa na samaki weupe wanaong'aa. Linavuka mpaka wa Rusumo, linakaa ghalani Kigali au Gisenyi, kisha linavuka tena kuingia Goma. Likifunguliwa wiki kadhaa baadaye, dagaa wamegeuka njano inayokaribia kahawia, na harufu yao inakereketa koo. Hawajalowa. Hawana ukungu wala funza. Ukiwashika, wanavunjika kwa ukavu. Hata hivyo mnunuzi anatikisa kichwa na kutaja bei ya chakula cha kuku.

Hapo ndipo lawama huanza. Muuzaji wa Goma humlaumu wa Mwanza kwamba amechanganya mzigo wa zamani na mpya. Wa Mwanza humlaumu dereva. Dereva naye hulaumu foleni ya mpakani. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kilichobadilika ni mafuta yaliyomo ndani ya samaki mwenyewe, na mafuta hayo hayasubiri gari lipate kibali.

Wafanyabiashara wengi wa mipakani wanaijua hasara hii kwa mfuko wao. Wanaoijua sababu yake ni wachache zaidi, na anayeijua sababu ana nafasi ya kuipunguza.

Kuoza ni kingine, kuchacha ni kingine

Samaki huharibika kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuoza, kazi ya bakteria. Bakteria wanahitaji maji, ndiyo maana kuanika juani, kutia chumvi au kubanika kwa moshi kunafanya kazi: maji yakiondoka, bakteria hawana pa kuishi.

Ya pili ni kuchacha kwa mafuta. Hii haihitaji kiumbe hai wala haihitaji maji mengi. Inahitaji oksijeni ya hewani, joto, mwanga, na mafuta yaliyo tayari kushikwa na oksijeni hiyo. Molekuli moja ya mafuta ikishambuliwa, huishambulia jirani yake, na jirani humfuata mwingine, kama moto unavyotambaa kwenye nyasi kavu. Mwisho wake huzaliwa kemikali ndogo zinazoruka hewani, na hizo ndizo pua inazozinusa gunia linapofunguliwa.

Jambo linalowapotosha wengi ni kuamini kwamba samaki akikauka, amesalimika. Ukavu humzuia bakteria tu. Oksijeni inaendelea na kazi yake, na samaki aliyekauka kupita kiasi hata huchacha haraka zaidi, kwa sababu ile tabaka nyembamba ya maji iliyokuwa ikiyafunika mafuta imeondoka na hewa inayafikia moja kwa moja.

Mafuta mawili katika mwili mmoja

Mafuta ya mnyama hayakai mahali pamoja. Kuna mafuta ya akiba, yale yanayoonekana kwa macho: kipande cheupe cha nyama ya ng'ombe, mkia wa kondoo, au mafuta yanayochuruzika sangara mkubwa akiwekwa motoni. Hayo ni ghala la nguvu la mwili. Huongezeka mnyama akishiba na hupungua akikosa chakula.

Halafu kuna mafuta yasiyoonekana. Kila seli ya kiumbe hai imezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta ya aina nyingine, yanayoitwa fosfolipidi. Mwaka 1925 watafiti wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walitoa mafuta yote kutoka katika chembe nyekundu za damu na kuyatandaza juu ya maji. Yalifunika eneo takriban mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakahitimisha kwamba utando wa seli una tabaka mbili za mafuta zilizolaliana. Picha hiyo ndiyo inayofundishwa hadi leo, ikiwa imeongezewa mengi.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kwamba hakuna samaki asiye na mafuta. Hata minofu inayoonekana haina mafuta kabisa hubeba fosfolipidi za utando, takriban asilimia moja ya uzito wake au pungufu kidogo. Kiasi hicho kidogo ndicho mara nyingi huanza kuchacha, kwa sababu kimetandazwa eneo kubwa na kiko jirani na madini ya chuma yaliyo kwenye damu. Chuma huchochea oksijeni kushika mafuta.

Dagaa ana mzigo wa ziada. Ng'ombe huuzwa vipande vipande: maini peke yake, nyama peke yake, mafuta peke yake. Dagaa huanikwa na kuliwa mzima. Ndani ya gunia moja yamo mafuta ya misuli, ya maini, ya ubongo, ya macho na ya utumbo, pamoja na vimeng'enya vya utumbo vinavyoendelea kuyavunja mafuta hayo kabla samaki hajakauka vizuri. Saa za mwanzo baada ya kuvuliwa kwa hiyo zina uzito mkubwa. Dagaa aliyelala mtumbwini akisubiri jua hupanda kichanjani akiwa tayari amepungukiwa ubora.

Kwa nini samaki si ng'ombe

Molekuli ya mafuta ina mikia mirefu ya kaboni. Mikia iliyonyooka hupangana vizuri kama kuni kwenye mzigo, na mafuta yake huganda. Mikia yenye mikunjo haipangiki, na mafuta yake hubaki kimiminika. Kila mkunjo, ambao wanakemia huuita bondi maradufu, ni mlango wa oksijeni.

Mwili wa ng'ombe una joto la nyuzi 38 au zaidi kidogo, hivyo mafuta yake yanaweza kuwa mengi ya mikia iliyonyooka na bado yakawa laini ndani ya mwili. Samaki hana joto lake mwenyewe. Hufuata joto la maji. Utando wa seli zake ungekuwa na mafuta ya ng'ombe, ungekakamaa. Kwa hiyo hujengwa kwa mafuta yenye mikunjo mingi, yakiwemo ya omega-3 yanayotoka kwa mwani wadogo wa majini na kupanda hadi kwa dagaa kupitia vijidudu anavyokula. Mojawapo, DHA, ina kaboni 22 na mikunjo 6.

Hapo ndipo faida na hasara zinapokutana. DHA ndiyo inayomfanya dagaa awe chakula bora kwa mama mjamzito na mtoto mchanga, kwa kuwa ubongo na macho ya binadamu huihitaji. Lakini mafuta yenye mikunjo miwili hushikwa na oksijeni takriban mara 10 kwa kasi kuliko yenye mkunjo mmoja, na kasi huzidi kila mkunjo unapoongezeka. Gunia linalochacha kwa hiyo linapoteza kwanza kile kile kilicholipa thamani. Mama wa Goma anayenunua fungu lililobadilika rangi hajapoteza ladha pekee. Amelipia lishe ambayo sehemu yake haipo tena.

Somo hilo hilo kwenye madebe ya mafuta

Wanaouza mafuta ya kula wanaweza kutumia kipimo hicho hicho. Mafuta ya nazi yana takriban asilimia 90 ya mikia iliyonyooka. Ndiyo maana hudumu muda mrefu bila kuchacha, na ndiyo maana huwa kimiminika Mombasa na kuganda Nairobi asubuhi ya baridi, kwani huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Mawese ya Kigoma na ya Kongo yana karibu nusu kwa nusu. Yakipandishwa miji ya milimani kama Kabale, huwa mazito na kujitenga tabaka. Mnunuzi asiyejua hudhani yamechanganywa na kitu, na ugomvi huzuka bila sababu. Alizeti ya Singida iko upande wa pili: mikunjo ni mingi, haigandi kirahisi, lakini debe lililoachwa wazi juani huharibika mapema.

Kuganda, basi, si ushahidi wa uchakachuaji, na kutoganda si ushahidi wa ubora.

Chumvi, moshi na jua

Kila njia ya kuhifadhi samaki ina uhusiano wake na mafuta. Sangara alipoenea Ziwa Victoria katika miaka ya 1980, wachakataji waligundua kwamba samaki mkubwa mwenye mafuta mengi hakubali kuanikwa juani kama walivyozoea kuanika wengine. Wengi wakaingia kwenye kubanika kwa moshi, na mahitaji ya kuni yakapanda kando ya ziwa. Moshi ulisaidia kwa njia mbili: ulikausha, na pia ulileta kemikali za kuni ambazo zenyewe huzuia oksijeni kushika mafuta. Ubaya wake ni kwamba moshi mwingi mno huacha pia kemikali zisizofaa kwa afya.

Chumvi, inayotumika kwa kayabo wanaopelekwa Kongo, hudhibiti bakteria vizuri. Kwa mafuta hali ni tofauti: chumvi inaweza kuharakisha kuchacha. Kayabo anayekaa ghalani muda mrefu anahitaji kivuli na hewa baridi kama dagaa wasio na chumvi, au zaidi.

Kwa dagaa wa juani, kichanja chenye wavu wa nailoni kina faida juu ya mchanga: samaki hukauka pande zote kwa haraka, na hawabebi mchanga kwenye mizani. Wavu wa chuma wenye kutu haufai, kwa sababu iliyotajwa juu ya chuma. Wakishakauka, jua lililokuwa rafiki hugeuka adui. Kiroba kilichoachwa wazi juu ya turubai la gari kinapata joto, mwanga na hewa kwa pamoja. Makadirio wanayotumia wanakemia ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya mabadiliko kama haya huwa takriban mara mbili. Siku moja ya foleni chini ya jua kali inaweza kula muda ambao kivulini ungekuwa siku kadhaa.

Mfuko wa plastiki usiopitisha hewa husaidia, kwa sharti moja: dagaa wawe wamekauka kikamilifu. Wakiwa na unyevu, mfuko hutoa jasho na ukungu huingia. Hapo mfanyabiashara anakuwa amekimbia hasara moja na kuangukia nyingine.

Kinachopimwa na kisichoandikwa

Maabara ina njia ya kupima haya bila kutegemea pua. Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Kanada, Bligh na Dyer, wakifanya kazi kwenye maabara ya uvuvi mjini Halifax, walichapisha njia ya haraka ya kutoa mafuta yote kutoka kwenye nyama ya samaki kwa kutumia klorofomu, methanoli na maji. Njia iliyobuniwa kwa ajili ya samaki sasa hutumika duniani kote, hata katika utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mafuta yakishatolewa, hupimwa kiasi cha oksijeni yaliyokwisha kushika. Kwa mafuta ya kula yaliyosafishwa, viwango vya kimataifa vya Codex vinaweka kikomo cha peroksidi kuwa 10 kwa kilo, na 15 kwa yaliyokamuliwa bila kusafishwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya pamoja ya viwango tangu mwaka 2006, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia utaratibu rahisi wa cheti cha asili ya bidhaa. Hatua hizo zimepunguza usumbufu. Lakini cheti cha ubora husema samaki alikuwaje siku alipopimwa. Hakisemi atakuwaje akifika. Mafuta yanaendelea kubadilika baada ya muhuri kukauka, na gunia la kawaida la dagaa halina maandishi yoyote yanayomwambia mnunuzi wa pili au wa tatu lilianikwa lini.

Kasoro hiyo inaweza kurekebishwa bila kusubiri kikao cha mawaziri. Kalamu ya wino mzito na kipande cha karatasi ndani ya gunia vinatosha: tarehe ya kuanikwa, mwalo uliotoka, na kama samaki alitiwa chumvi, alibanikwa au aliwekwa juani tu. Mzigo wa zamani ungeuzwa kwanza. Bei ingepangwa kwa umri wa samaki badala ya kelele za dalali. Ugomvi kati ya Mwanza na Goma ungekuwa na cha kuamuliwa nacho.

Hadi hapo, mnunuzi anayefungua gunia ana vipimo vyake vichache. Atazame rangi: nyeupe ya fedha ni nzuri, njano ni onyo. Achukue samaki kutoka katikati ya gunia, si juu pekee, amvunje na kumnusa palipovunjika. Kisha, kabla ya kuuliza bei, aulize waliondoka juani tarehe ngapi.